Sweta ya Kukhu

Juzi mjini Kakamega nilimwona mzee akitembea juani na koti zito, nikamkumbuka nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu. Alasiri moja kule Chekalini alikuwa akigeuza mahindi kwenye turubai, amevaa sweta, na harufu ya mahindi makavu ilijaa uani. Ghafla akaanza kuniita kwa jina la dadake aliyekufa. Nilidhani ni mchezo, nikaitika huku nikicheka.

Mama alisikia, akaja mbio. Akamvuta kivulini, akamvua sweta, akamfunika shingo kwa leso yenye maji.

"Unanivua nguo mbele ya mtoto?" Kukhu alifoka hatimaye.

"Nigombeze tu, mama," Mama alisema, akicheka huku machozi yakimtiririka.

Nilidhani Mama analia kwa hasira. Leo najua jua lile lingemuua Kukhu, na Mama alikuwa akishukuru kugombezwa, kwa kuwa kulionyesha kwamba akili zimemrudia.