Nilivyokuwa Samaki Observatory

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, Meneja wa Safari alinikabidhi mkanda mpana wenye pete mgongoni, akasema, "Mzee Kombo, wewe ndiye samaki. Kimbia." Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe!

Ofisi yetu ilikuwa Observatory, mtaa wa vilima hapa Johannesburg, mbali kabisa na bahari. Tuliwapeleka wageni kwetu Malindi kuvua kwa mchezo, na kabla hawajapanda ndege tuliwafundisha barabarani. Mteja alishika fimbo ya kuvulia juu ya mteremko. Mimi, niliyezeekea kwenye boti za watalii, nikafungwa mwisho wa mshipi na kuteremka mbio kama sulisuli, yule samaki mwenye pezi refu mgongoni. Rili ya kukunjia mshipi ina breki ndani: ukiikaza mno, mshipi unakatika, ukiilegeza mno, samaki anakwenda zake. Majirani walinicheka mpaka wakashika mbavu. Shauri yao.

Mwaka 2017 akaja Nekesa, Mkenya wa benki, mwembamba, sauti ya chini. Wenzake wa kiume walikuwa wameshampangia abaki hotelini siku ya bahari. Meneja akamwambia waziwazi, "Boti ina nafasi chache. Mvute Mzee Kombo leo, la sivyo jina lako naliondoa."

Mara ya kwanza alikaza breki, mshipi ukakatika, pwaa! Wenzake wakampigia makofi ya kejeli. Damu ilinichemka. Nikapanda mlima nikihema.

"Dada, nikikimbia usishindane nami. Nikichoka, inua fimbo, kisha ishushe huku ukizungusha rili."

"Sawa, mzee. Lakini usinihurumie."

"Nikuhurumie? Thubutu!"

Na sikumhurumia, wallahi. Nikateremka mpaka karibu na robot, zile taa za barabarani, nikapinda kushoto, nikaruka juu kama arukavyo sulisuli. Hapo ndipo wengi hupoteza samaki. Yeye akainamisha fimbo, mshipi ukapumua. Madereva waliosimama kwenye taa nyekundu wakapiga honi. Inua, shusha, inua, shusha, huku nikigoma kwa nguvu zangu zote, nikajikuta nimefika miguuni pake.

"Eish," Meneja akasema. "Jina linabaki."

Wiki iliyofuata Nekesa akanipigia simu kutoka botini, upepo ukivuma. "Mzee! Sulisuli! Nimemleta mpaka ubavuni mwa boti!"

"Umemwachia?" nikauliza, maana katika mchezo huu samaki hurudishwa akiwa hai.

"Nimemwachia! Na hawa wanaume hawajapata hata mmoja!"

Nilipiga kigelegele mimi, mwanamume mzima, ofisi yote ikatoka nje.

Nilistaafu mwaka 2019, magoti yalipoukataa mteremko. Vijana mnaoishika kazi hii, msimpunguzie mteja mbio. Siku ile nilikimbia kwa moyo wangu wote nisipatikane, na yule binti akanipata. Sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.