Edda ya Matone

Siku tatu kabla ya harusi, bibi harusi akaona damu tena.

Matone tu, ya rangi ya kahawia. Shariffa angeyanyamazia kama alivyoyanyamazia yale ya miezi iliyopita, lakini Bi Mwanakheri, mkunga aliyekuja kumsinga mwili kwa manukato ya harusi, aliiona kanga yake ina madoa.

"Zako za mwezi ndizo hizi?"

"Naam, Bi Mwanakheri."

Mkunga akamlaza, akamkandakanda chini ya kitovu. Mkono ukasita.

"Mwanangu, una mimba. Miezi minne hii."

Lahaula! Na Bwana Amour, mchumba mwenyewe, hajapata kumgusa hata kidole.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka ni 1954, mtaa wa Malindi. Miezi mitatu na kitu kabla ya hapo, mumewe Msabah, fundi cherehani wa Ng'ambo, alimwacha talaka moja kwa ugomvi wa kipuuzi: Shariffa kenda taarabuni bila ruhusa. Akarudi kwao na moyo unamchemka. Akaapa atamkomoa.

Edda ya mwenye kuachwa ni damu tatu; haijesha, mume aweza kumrejea mkewe, ikesha hana tena haki hiyo, na kauli ni ya mwanamke mwenyewe. Nani atamchungulia? Hedhi yake ilikuwa siku saba kamili. Safari hii yakamtoka matone, siku moja yamekatika. Akahesabu moja. Mwezi wa pili vilevile, akahesabu mbili. Kichefuchefu akakisingizia hasira.

Alipoyaona ya tatu, kesho yake Msabah huyo mlangoni, na ami yake Shariffa, Mzee Suud, amekaa barazani.

"Mke wangu nimemrejea. Ami, wewe shahidi."

Shariffa akamjibu kutoka ndani, tena kwa kicheko: "Umechelewa, baba! Damu ya tatu nshaiona jana."

Msabah akainamisha kichwa, akenda zake.

Sasa turudi kwa Shariffa kitandani, mkunga kando yake.

"Na hizo damu, Bi Mwanakheri?"

"Wengi hutokwa na matone mimba ikiwa changa, na mtoto akazaliwa salama. Lakini si ya kunyamaziwa. Yakiwa mengi, au tumbo likikukata, mbio hospitali. Na wewe kesho nenda wakutazame. Kwani hukuona kuwa si kama zako?"

Aliona. Hapo ndipo palipomchoma. Aliona mara zote tatu, akanyamaza kwa kuwa yalimfaa.

Akamweleza ami yake kila kitu. Mzee Suud akenda kumuuliza sheikh, akarudi uso umemparama.

"Edda ya mja mzito ni mpaka ajifungue. Msabah alikurejea edda haijesha. Wewe ni mke wa mtu tangu siku ile, na Ijumaa tulikuwa tunakuoza mume wa pili!"

Posa ya Amour ikarudishwa kwa aibu. Msabah akaitwa. Shariffa alingojea matusi, na alijua anayastahili.

"Matone yamesita?" Ndilo la kwanza aliloliuliza Msabah.

"Yamesita. Nisamehe. Nilijua hazikuwa kama zangu."

Msabah akavuta kigoda, akaketi.

"Mwezi mzima nimejilaumu kwa kuchelewa siku moja," akasema. "Nikakonda, Shariffa. Kumbe sikuchelewa."

Shariffa akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Dada zangu, damu usiyoielewa iulizie. Ukiipa jina unalolitaka wewe, kuna mwenzio atakayeumia.