Mawe ya Chokaa

Niliiba mawe ya serikali. Yalikuwa matatu, yamepakwa chokaa, mali ya barabara kuu ya kutoka Meru kwenda Embu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikana jambo hili mbele ya mgambo wa serikali, homgadi mwenye mkuki, mbele ya mama yangu, mbele ya padri aliyeniuliza kama nina kingine cha kuungama, na mara nyingi zaidi mbele yangu mwenyewe, ambaye ni hakimu rahisi kudanganywa kuliko wote niliowahi kukutana nao.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, hakuna aliyeandika. Ilikuwa Hali ya Hatari, miaka ya Mau Mau. Baba alikuwa kizuizini, na sisi tulikuwa tumeondolewa kwenye shamba letu na kupangwa katika kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimebanana hata jirani akipiga chafya unajikuta unamwitikia. Nyumba yetu ya zamani ilichomwa. Mafiga ya mama, yale mawe matatu ya kutelekea chungu, yalibaki kwenye majivu, upande ambao hatukuruhusiwa kurudi.

Mtu asiyepika kwa kuni anaweza kudhani jiwe ni jiwe. Mama alijaribu mawe ya mtoni, na mawe ya mtoni yana maji ndani. Yakipata moto hupasuka. Asubuhi moja figa lilipasuka kwa kishindo, chungu kikapinduka, na uji wetu wa siku nzima ukazima moto. Mama alikiinua chungu akakiweka kando. Alichukua jembe akaenda kwenye kazi ya lazima, kwa sababu tarumbeta ilikuwa imelia, na aliyechelewa alipewa siku mbili zaidi.

Kazi ya lazima mwezi ule ilikuwa barabara. Akina mama walizibua mitaro na kupanga mawe pembeni mwa kona, hasa ile kona kubwa iliyo juu ya mto, ambapo barabara inapinda kulia ghafla na mbele yake hakuna kitu ila mteremko na migomba. Mawe yalikuwa meusi na magumu, ya kutoka machimboni. Yalibebwa kichwani, yakapangwa kwa kipimo cha hatua mbili mbili, kisha yakapakwa chokaa. Penye njia ya kuingia kijijini waliacha pengo, ili gari lijue pa kukatia. Kwetu ukungu hushuka bila kubisha hodi, na ukishashuka dereva haoni barabara. Anaona mawe.

Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba mama alibeba mawe kumi na ushee kwa kichwa chake na serikali haikumwachia hata moja. Nilifanya hesabu yangu nikaona matatu ni haki. Nikiwa naenda mtoni alfajiri na debe langu, nilibingirisha jiwe moja hadi kwenye migomba, na wakati wa kurudi nikalisukuma hadi nyumbani. Siku ya pili, la pili. Siku ya tatu, la tatu. Ningekuwa mwizi mvivu ningeokota moja hapa, moja kule. Lakini nilikuwa mtoto wa utaratibu, tabia ambayo baadaye ilinipeleka chuo kikuu, kwa hiyo niliyachukua yakiwa yamefuatana, pale pale kwenye tumbo la kona.

"Umeyatoa wapi?" mama aliuliza.

"Mtoni."

Aliligeuza moja kwa mguu. "Mto wetu siku hizi unapaka mawe chokaa," alisema. Kisha akakoroga udongo na majivu, akayakandika yote matatu, akawasha moto.

Siku mbili baadaye nilikuwa mtoni, ukungu mzito kiasi kwamba nilisikia debe langu likijaa bila kuliona. Juu yangu nikasikia lori. Tulilijua kwa mngurumo: lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu wa mjini Meru, na lilituletea unga kijijini. Mngurumo ulifika kwenye kona, lakini haukupinda. Ulikuja kwangu. Migomba ilianza kuvunjika moja baada ya nyingine, bila haraka, halafu lori likatokea kwenye weupe ule kama ng'ombe anayeshuka kunywa maji, likasimama pua ikiwa majini.

Dereva alitoka akiwa ameshika mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa umekaa vibaya. Alikuwa kijana mwenye kofia nyeupe. Hakulia. Alinyoosha mkono ule mzima kuelekea juu alikotoka, akaniuliza kitu kwa Kiswahili. Sikujua Kiswahili. Niliacha debe nikakimbia.

Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa na jibu. Nilisimama karibu na akina mama waliokuwa wakikusanya unga uliomwagika, nao walikuwa wakiuchunguza mkasa ule kwa makini kuliko kamati yoyote niliyowahi kuikalia.

"Alikuwa amelewa huyo."

"Hawa watu wa kofia hawanywi, wewe."

"Basi alikuwa amelala."

"Asubuhi hivyo?"

"Usingizi una saa? Mume wako analala saa ngapi?"

"Wangu yuko kizuizini, halali. Wako ndiye alilala hata siku ya harusi."

Walicheka, na hoja ya usingizi ikapita. Lakini dereva, aliyekuwa amefungwa mkono kwa kipande cha kanga, alikataa. Alimwambia afisa wa serikali aliyekuja kuandika taarifa kwamba aliona njia. Mawe yalikwisha, pakawa na pengo, akajua amefika njia ya kijiji, akanyoosha usukani. Afisa alipanda kwenye kona kuangalia. Alikuta pengo, ndiyo, lakini lori la tani kadhaa lilikuwa limepita hapo. Lazima ndilo lililoyasomba mawe. Dereva akasema kuna mtoto wa kike alikuwa chini na debe. Aulizwe mtoto.

Homgadi alikuja jioni ile ile, jua halijazama. Alikuwa mtu wa kwetu, na mama yake na mama yangu walikuwa wametahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo aliacha mkuki nje ya mlango.

"Mwana wa mama," mama alisema, "leo umekuja kula au kuhesabu watu?"

"Kuuliza tu. Huyu ndiye alikuwa mtoni?"

"Debe langu liko huko hadi sasa. Ukilipata niletee."

Alichuchumaa mbele yangu. "Wewe. Pale kwenye kona, kabla lori halijaja, mawe yalikuwapo au hayakuwapo? Yule dereva anasema hayakuwapo. Yakiwa hayakuwapo, atarudishiwa barua yake ya kuendesha, ile leseni. Yakiwa yalikuwapo, basi alilala, na hataendesha tena."

Nakumbuka kwamba swali lilikuwa wazi kabisa. Siwezi kusingizia utoto.

"Yalikuwapo," nilisema. "Yote."

Homgadi hakunitazama tena. Alikuwa amegeuza uso kwenye moto. Udongo wa mama ulikuwa umekauka na kuanza kubanduka, na kwenye figa la nyuma palionekana weupe wa chokaa, kiasi cha ukucha. Nadhani tayari alikuwa ameteremka kule kwenye migomba na kuona kwamba hakuna mawe yaliyosombwa. Alichotakiwa kufanya ni kuepua chungu na kuligeuza jiwe moja.

"Mafiga mazuri," alisema.

"Ni ya nyumba," mama alijibu.

Kwetu, mawe yakishawekwa mekoni na mwanamke akayawashia moto, hayaondolewi na mkono wa mtu mwingine. Anayeyang'oa amevunja nyumba, na nyumba ile ina mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko nyuma ya seng'enge. Homgadi alikuwa ametuhamisha kwa amri. Alikuwa amesimama karibu wakati nyumba yetu inawaka. Lakini hakuweza kunyoosha mkono kuligusa jiwe lile, na sidhani kama amri ya afisa yeyote ingemfanya aweze. Alisimama, akavuta pumzi, akasema, "Mtoto amesema yalikuwapo," akachukua mkuki wake.

Dereva akaandikwa kwamba alisinzia. Kona ile ikaitwa Kona ya Usingizi, na hata watoto waliozaliwa baadaye wanaiita hivyo bila kujua ni nani aliyelala.

Baada ya hapo nilishikwa na udadisi ambao watu walidhani ni akili. Kila nilipopata nafasi nilikaa juu ya kona nikihesabu magari. Pengo lilipojazwa mawe mengine, nilitazama madereva wanavyopinda ukungu ukiwapo na usipokuwapo. Nilitaka kuona mmoja akishuka bondeni mawe yakiwa kamili, ili nijue kwamba kosa ni la kona. Hakuna aliyeshuka. Halafu nikajifariji kwa upande mwingine: mawe matatu hayawezi kumpoteza mtu mzima. Alilala tu. Nilishika imani hiyo hadi shule ya bweni, nikaipeleka chuo kikuu, nikarudi nayo na shahada ya ualimu.

Ndiyo maana nacheka ninapokumbuka jinsi nilivyoingia kwenye kamati ya usalama barabarani mjini Meru. Malori na magari ya abiria yalikuwa yakigongana kwenye njia panda ya Makutano kila kukicha, na ikaonekana anahitajika katibu anayejua kuandika. Nilitengeneza jedwali zuri sana. Lilikuwa na safu ya mahali, ya saa, ya hali ya hewa, na ya chanzo. Kwenye safu ya chanzo niliandika "uzembe wa dereva" mara nyingi hivi kwamba mwishowe nilikuwa naweka alama za kurudia tu. Niliwaeleza wajumbe kwamba mwelekeo uko wazi.

Mjumbe mmoja alikuwa mama wa makamo mwenye duka la vipuri katika mji wa Maua, aliyejifunga mtandio vizuri na aliyezoea kunisikiliza akiwa amefumba macho. Siku ile aliyafumbua.

"Mwalimu, hapo kwenye chanzo, nani huwa anaenda kuangalia?"

"Tunapata kwenye taarifa, mama."

"Na anayeandika taarifa anaangalia?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. "Baba yangu aliandikwa hivyo hivyo, zamani za Hali ya Hatari, huko njia ya Embu. Aliandikwa amelala. Hajashika usukani tena hadi leo. Mkono ulipona, lakini barua hakurudishiwa. Mzee yuko nyumbani, nyuma ya duka, bado anawaambia watu palikuwa na njia. Tumeshazoea. Tunamwambia, haya baba, ilikuwapo."

Nilisoma ajenda iliyofuata. Nilisoma pia ajenda iliyokuwa imekwisha kujadiliwa. Kikao kilipofungwa nilimfuata hadi kwenye ngazi, nikamwomba namba ya simu ya dukani. Aliuliza ni ya nini. Nilimwambia nahitaji kurekebisha jedwali, jambo ambalo kwa bahati lilikuwa kweli.

Ilinichukua siku nane kupiga. Siku ya tisa nilikaa kwenye meza yangu saa nne asubuhi, mlango nimeufunga, nikazungusha namba. Yule mama alipokea, akashangaa, akaenda kumwita mzee kutoka kibarazani. Nilisikia viatu vikiburutwa.

"Salaam aleikum. Nani?"

Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni katibu wa kamati, nachunguza ajali za zamani. Nikamuuliza kama anaweza kunieleza ya kwake.

"Utaandika nini? Nimelala?"

"Nitaandika utakachosema, mzee."

Nilisikia kiti kikivutwa. Kisha akaongea taratibu, kama mtu anayepita chumba anachokijua gizani. "Ukungu ulikuwa mwingi. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani, nahesabu mawe kwa sauti. Mtu aliyelala hahesabu. Kulikuwa na jiwe, jiwe, jiwe. Halafu hakuna. Nikasema, hiyo ndiyo njia ya kijiji, leo nimefika mapema. Nikanyoosha." Alikohoa. "Palikuwa na njia, mama. Siwezi kusema mengine nikakufurahisha."

"Hapakuwa na njia," nilisema. "Lakini pengo lilikuwapo kabla hujafika. Mawe matatu. Mimi ndiye niliyeyatoa. Mama hakuwa na mafiga. Nilikuwa chini, na debe. Homgadi aliponiuliza, nikasema yalikuwapo."

Nilijiandaa kwa maneno ambayo nilistahili, na nilikuwa na majibu mawili au matatu ya msomi, yote ya kipumbavu.

"Matatu," alisema.

"Matatu."

"Yamefuatana?"

"Yamefuatana."

"Subiri hapo. Usikate." Nikasikia mkono ukifunika simu, lakini haukufunika vizuri, na sauti yake ikapanda, ikimwita mkewe kutoka jikoni, ikimwita binti yake kutoka kwenye kaunta, ikimwambia na mteja, yeyote aliyekuwa, asiondoke kwanza. Palikuwa na vurugu ya hatua. Kisha akarudi.

"Mama watoto yuko hapa. Amelala na mimi miaka yote hii akiamini nililala." Aliisogeza simu, nilisikia pumzi ya mtu mwingine, mwanamke mzee, aliyesubiri bila kusalimu. "Haya," mzee akasema kwa mbali. "Mwambie yeye. Anza pale kwenye mawe, polepole, hasikii vizuri sikio la kulia."

Nikaanza.