Mama Amepumzika

Mwanangu alinikataza kwenda kituo cha wazee siku aliponiona kwenye video katika simu ya jirani, nacheza singeli, ule muziki wa vijana wa mbio mbio. Pale Boko tunakutanaga asubuhi ukumbini, tunanyoosha viungo, tunasuka mikeka, tunataniana mpaka mbavu zinauma. Na singeli tunacheza, ndiyo, tena kwa raha zetu.

"Mama, unanitia aibu," akasema. "Watu watasema nimeshindwa kukutunza. Kaa nyumbani, upumzike."

Nipumzike na nini? Nimemlea kwa kuuza vitumbua mwanaume huyu, leo anifungie ndani na televisheni kama mgonjwa! Niliumia, wallahi. Lakini nyumba ni yake, nikakaa. Magoti yakaanza kukaza, na wa kuongea naye sina, nikawa nagombana na kuku.

Asubuhi moja shoga yangu wa kituoni akapiga simu. Mie nimejilaza chumbani, nimenuna. Simu iko sebuleni, mwanangu akaipokea kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Mama amepumzika."

Upande wa pili ukapigwa ukelele, simu ikakatika. Yeye akadhani ni mtandao, akaendelea na chai yake.

Haukupita muda nikasikia kilio getini. Kumbe kituo kizima kimekuja! Wanawake kanga viunoni, mmoja kajitwika mkeka, mwingine kabeba sufuria kubwa la kupikia msibani. Wazee wa kiume wanauliza turubai lifungwe upande gani. Shoga yangu kamkumbatia mwanangu, analia: "Jikaze, baba. Mungu kampenda zaidi."

Nikatoka, nywele timutimu. "Jamani, nani kafa?"

Wawili wakatimua mbio, na magoti yao yale. Mwenye sufuria akaliachia. Shoga yangu akanishika mashavu, akalia, akacheka, akanitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika.

"Nilisema amepumzika, yaani amelala tu!" mwanangu anajitetea, na majirani wamejaa getini, hajui aweke wapi uso.

Mie nilikuwa naangalia macho ya wenzangu, mekundu. Walinililia kweli. Nikarudi ndani, nikavaa raba, nikajifunga kanga.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Wenzangu wamekuja kunizika, mwanangu. Niwaache warudi kituoni mikono mitupu?"