Mvua ya Mawe Juu ya Mabati

Mkubwa wetu alinipigia simu akiwa kwake, amekaa pakavu: nisitoke zahanati, mto umefunika daraja, na muuguzi wa kunipokea zamu hawezi kuvuka. Nitoke niende wapi? Nilikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu akichuma majani chai. Mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Niliweka tumboni kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, nikabandika sikio juu yake. Nikasikia mawe tu.

"Daktari, unamsikia?" akauliza yule mama.

"Namsikia."

Nilidanganya hivyo mara tatu. Halafu mawe yakakoma ghafla, kukawa kimya. Sasa ningeweza kusikia, na hapo ndipo nilipoogopa kuinama.