Kuku wa Umeme

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja hapa Tabora nikingoja barua. Mlango ulikuwa wazi, na ndani kikao kilikuwa kinachagua kromatografu, mashine ya kutenganisha gesi zilizochanganyika hewani na kupima kila moja. Kando yangu alikaa mama mmoja kutoka Bukene, amepakata chupa aliyoiziba kwa nta ya nyuki. Ndani yake mlikuwa na hewa ya kisima kilichomuua mwanawe.

"Hii ya kwanza inanasa hata gesi kidogo sana," mtaalamu alisema, "ila majibu yake ni baada ya nusu saa."

"Na ya pili?" mwenyekiti aliuliza, jicho kwenye saa yake.

"Dakika mbili. Lakini gesi huiona ikiwa nyingi tu."

Mama akainuka, akasimama mlangoni. "Ikiwa nyingi, hata kuku anaiona, baba. Sisi tulimshusha kuku kisimani kwanza, kupima hewa, kama kawaida. Akapanda mzima, anapiga mbawa. Ndipo mwanangu akashuka, akachimba tangu asubuhi. Adhuhuri tulimvuta kwa kamba."

Mtaalamu akainamisha kichwa. Mwenyekiti akasema, "Pole sana, mama," kisha akatia alama ya vema kwenye ile ya dakika mbili.

Basi, msomaji wangu, tumeagiza kuku wa umeme.

Mama aliifuta chupa kwa pindo la khanga yake. "Kwa hiyo hii," akauliza taratibu, "niirudishe kisimani?"