Kansa ya jicho ilivyomchukua maksai wa mdogo wangu

Wakuu, mwadila.

Mnisamehe mwandiko. Shule niliiacha mapema nikapewa ng'ombe nichunge, kwa hiyo herufi nyingine zitakaa vibaya. Ila haya hayana chumvi. Kamba niliishika mwenyewe.

Mdogo wangu anaitwa Masunga, yuko Mwamapalala, analima pamba na mahindi. Mimi nakaa Bariadi mjini kwa binti yangu, lakini mvua zikikaribia huwa narudi kijijini kumsaidia. Mjini mzee unakaa kwenye kiti mpaka kiti chenyewe kinakuchoka.

Masunga alikuwa na jozi moja tu ya maksai. Wa kushoto anaitwa Tajiri. Wa kulia alikuwa Mzungu, kwa sababu uso wake wote ulikuwa mweupe na kope zake nyekundu nyekundu kama za mgeni aliyechomwa na jua.

Huyo Mzungu alikua kwa chupa. Mama yake alikufa akimzaa, na shemeji yangu, mke wa Masunga, ndiye aliyemnywesha. Akimwita kutoka jikoni, anakuja kama mbwa. Siku moja aliingia mpaka ndani akala ugali wa wageni, wageni wenyewe wa kanisani, lakini hiyo niiache.

Shemeji alifariki. Masunga hakumwongelea tena mke wake mbele yetu. Ila ukipita zizini jioni unamsikia anaongea na Mzungu. Tulimwacha hivyo.

Haya, turudi kwenye jicho.

Kiangazi kimoja, kwenye kope ya chini, jicho la kulia, kikaota kitu kama punje ya mtama. Masunga akaosha kwa maji ya chumvi. Jirani yetu Luhende akatafuna tumbaku akamtemea jichoni. Msicheke, ndiyo dawa tuliyoikuta.

Punje ikawa njugu. Njugu ikaanza kutoa damu.

Tukamwita daktari wa mifugo, binti mmoja anaitwa Neema, anazunguka vijijini na pikipiki. Tukamlaza Mzungu kwa kamba. Daktari akaangalia jicho, halafu akahamia chini ya sikio akawa anapapasa tu.

Nikamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, jicho liko huku. Huko unatafuta nini?"

Akacheka. "Natafuta tezi, babu. Ugonjwa huu ukianza kutembea unapita hapa. Bado haujafika."

Akasema ni kansa. Wakuu, mimi nilijua kansa ni ya watu. Kumbe ng'ombe mwenye uso mweupe jua linamla kope taratibu, mwaka hadi mwaka.

Akasema dawa ni kisu. Anatoa jicho lote, na kope zake, na nyama nzima ya pembeni.

Masunga akaruka. "Nyama nzima unaitolea nini? Kata hicho kinyama basi!"

"Baba, nikikata ninachokiona, nisichokiona nakiacha ndani. Na mara ya kwanza ndiyo yenye nafasi nzuri. Ikirudi, inarudi na hasira."

Sasa kwa wasiolima na ng'ombe niwaeleze. Maksai wa kulia anatembea ndani ya mtaro uliolimwa, na jicho lake la nje ndilo linaloangalia kando yake na kumwona anayemswaga. Aliyezoea kulia anabaki kulia. Ukimpeleka kushoto anasimama kama mgeni msibani.

Daktari akasema, "Mbadilishie upande, jicho bovu likae kwa mwenzake. Atajifunza. Nimeona wa jicho moja wanalima."

Luhende akaangua kicheko. "Daktari, umewahi kushika jembe wewe?"

Masunga hakucheka. Alitazama mawingu. "Atajifunza lini, na mvua hii hapa? Nikikosa kulima sasa nitakula nini? Kata kidogo, mwachie jicho lake."

Daktari akasema, "Mnyama ni wako. Nafanya unachotaka, lakini sicho ninachokushauri. Kikirudi hata kama kichwa cha njiti, niite siku hiyo hiyo."

Akapiga ganzi, akakata, akashona vizuri sana.

Na Mzungu akalima, wakuu! Alilima kuliko mwaka wowote. Masunga akikutana na daktari gulioni anapaza sauti, "Daktari! Lile jicho uliloniomba linakusalimia!" Watu wanacheka, na binti naye anacheka, ila kila mara anauliza, "Umelikagua?" Masunga anajibu, "Liko salama."

Wakati wa kuvuna pamba, kile kinyama kilirudi. Nilipofika nilisikia harufu kabla ya kumwona. Uvimbe kama ngumi, inzi wamejaa, Mzungu anasugua uso kwenye mti mpaka damu.

Daktari alikuja. Safari hii alianzia chini ya sikio. Mkono wake ukakaa pale, haukuhama.

Masunga akamwambia, "Litoe. Toa yote mawili ukitaka."

"Baba, kansa imeingia kwenye mfupa, na tezi nayo imeshikwa. Nikikata sasa namtesa tu."

Nilimwona mdogo wangu akishika pembe ya Mzungu kama mtu anayetafuta pa kujishikilia.

Luhende alisema tumchinje, kichwa kitupwe, mwili uliwe. Daktari akakataa, akasema ugonjwa umeshatembea, nyama hiyo haifai. Akampiga sindano. Mzungu akalala chini polepole, Masunga akiwa ameziba lile jicho kwa kiganja ili inzi wasilikalie.

Tukachimba shimo. Watu wakaja kuangalia. Luhende akasema, "Masunga, unazika maksai mzima? Babu yetu hakuchimbiwa shimo kubwa hivi!"

Hakuna aliyecheka. Masunga akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwachia jicho ili alime. Amelima msimu mmoja." Akaendelea kufukia.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mwenye ng'ombe wa uso mweupe, kesho asubuhi mwangalie kope. Ukiona punje, achana na tumbaku. Na daktari akisema akate pana, mwache akate pana siku ile ya kwanza.

Karibuni mchangie, waliopitia haya waseme. Ila nina ombi moja.

Masunga kila nikienda ananiuliza, "Kaka, hivi kweli wa jicho moja angelima?" Namjibu sijui. Na huu uzi atasomewa na binti yake.

Kwa hiyo kama una maksai wa jicho moja na analima vizuri, tafadhali usiandike hapa. Niandikie mimi inboksi.